Mkwe Hasahihishwi

Watu wengi wakiona kosa la maandishi hulipita, wakashika njia yao. Symphorien wa Shituru, mtaa wa viwanda wa Likasi, hakuweza. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya kiwandani, na barua iliyotoka mikononi mwake haikurudishwa hata mara moja. Alipostaafu, mashine ilibaki ofisini. Ugonjwa alirudi nao nyumbani.

Alianza na kibao cha saluni ya jirani. Alikwenda na kopo la rangi, akaongeza herufi iliyokosekana, bila kuombwa, na kwa rangi isiyofanana na zile nyingine. Mwenye saluni akamnunia hadi Noeli. Parokiani alimwandikia paroko tangazo lake upya, akalibandika juu ya lile la kwanza. Lakini aliyevuka mpaka ni yule Symphorien wa kwenye kilio cha mzee mmoja wa mtaani: watu wanalia, naye amesimama mbele ya bango lenye picha ya marehemu, anamwomba mjane kalamu. Rosalie, mkewe, alimshika mkono akamtoa nje. Tangu hapo Rosalie alikwenda matangani peke yake.

Binti yao Daniella ndiye aliyepata dawa. Alifanya kazi katika zahanati moja ya Likasi mjini, na huko walitumia programu ya kompyuta ya kuandikia wagonjwa na dawa zao, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Programu ilikuwa nzuri. Maelezo yake, yaliyoandikwa kwa Kifaransa ili wauguzi wajue pa kubonyeza, yalikuwa balaa. Daniella alimletea baba yake kompyuta ya zamani, akamfundisha kuzifungua kurasa hizo kwenye intaneti, kurekebisha makosa, na kuandika pembeni sababu ya kila rekebisho ili mwandishi aone na akubali. Symphorien alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Palikuwa na kosa karibu kila mstari. Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Daniella alimwonya jambo moja tu: ile mistari yenye mabano na alama za ajabu ni programu yenyewe, asiiguse. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ndani ya mistari hiyo mzee aliona neno la Kifaransa lililoandikwa bila alama yake ya juu, akalionea huruma, akaliwekea. Mwandishi, ambaye alikwisha kumwamini, akakubali bila kutazama. Asubuhi yake programu iligoma kufunguka, na wauguzi wakaandika kwa mkono hadi adhuhuri. Symphorien alisema kwamba programu isiyovumilia neno lililoandikwa vizuri ina tabia mbaya.

Mwandishi mwenyewe alijiita Efra tu. Mzee hakumjua, wala hakumhurumia. Pembeni mwa kurasa zake aliandika: sentensi hii haina kichwa wala miguu, hapa umechoka, kapumzike kwanza. Efra hakukasirika. Alijibu kwa adabu, akamwita papa, yaani baba, akauliza kwa nini, akaelezwa, na kesho yake akalirudia kosa lilelile mahali pengine. Symphorien akawa anamfokea kabla ya chai na kumngoja baada ya chai. Jibu likichelewa, alimwuliza Rosalie kama umeme umekatika mjini. Vibao vya mtaa vikapumua. Rosalie akaanza kumchukua tena matangani. Mzee alimwambia mkewe kwamba yule kijana ni kichwa ngumu, ila anasikia, na siku hizi wanaosikia wamekwisha. Daniella akisikia hayo aliinama akajifanya anatafuta kiatu.

Jumapili moja Daniella akaleta mchumba. Kijana alikuja na mjomba wake na kreti ya vinywaji, kama inavyotakiwa. Msemaji wa upande wa msichana alikuwa Rolly, mpwa wa Symphorien, dereva wa teksi-basi, mtu mwenye sauti ya kutosha ila hajapata kumaliza kusoma ukurasa wowote. Mjomba akamtaja kijana: Éphraïm, fundi wa kompyuta, anatengeneza programu ya zahanati. Symphorien aliweka mkono mezani.

"Ni weye njo Efra?"

"Njo miye, papa," kijana akasema, macho chini.

Daniella alikuwa amepiga hesabu zake. Alijua baba yake hampendi mtu kwa kutambulishwa. Humpenda kwa kumkemea. Basi akamtafutia wa kumkemea. Hesabu zilikuwa sawa, isipokuwa alisahau kitu ambacho kila mtoto wa nyumba ile alikijua: mkwe hasahihishwi. Kwao, upande wa baba na upande wa mama, baba mkwe na mume wa binti yake hawaambiani kosa uso kwa uso. Chumvi ikizidi, mtu hula akashukuru. Jambo likibidi kabisa, hupitia kwa msemaji. Kumtajia mkwe kosa lake mwenyewe ni kumvua nguo sokoni.

Symphorien aliomba ruhusa, akaingia chumbani. Rosalie akamfuata. Huko ndani mzee alikiri kwamba mkwe bora kuliko huyu hapati. Shida ni kwamba akipokea kinywaji cha kijana, kazi ya kusahihisha imekwisha, na bado kulikuwa na sura nzima ya maelezo haijaguswa. Aliuliza kama wageni hawawezi kurudi baada ya Pasaka.

"Papa Daniella," Rosalie akasema, "weye unataka mutoto yako aolewe, ao unataka makosa?"

Swali la namna hiyo halina majibu mawili. Alitoka, akapokea glasi kwa mikono miwili, akanywa. Wanawake wakapiga vigelegele. Rolly alisimulia baadaye kwamba hajaona baba wa bibi harusi akinywa soda kwa uchungu kiasi kile.

Harusi ikapita. Éphraïm, aliyelelewa vizuri, aliendelea kumpelekea mzee kila ukurasa mpya. Symphorien aliusoma wote, akakunja ngumi, akaandika: nimeona, asante, mkwe wangu. Kisha alitoka, akatembea hadi kwenye reli na kurudi. Mdomo ukifungwa, maneno hutafuta pengine pa kupita, na Symphorien akaanza kusahihisha mifuko ya unga jikoni kwa kalamu nyekundu. Chakula alikigusa tu. Rosalie, aliyekuwa akiomba miaka yote mumewe anyamaze, akagundua kwamba hapendi kimya chake.

Desturi ilikuwa imeacha mlango mmoja wazi, nao ni msemaji. Rolly akaitwa, akakalishwa, akafundishwa makosa ya sura ile yote kwa mdomo, maana kumpa karatasi kungekuwa sawa na kumwandikia mkwe mwenyewe. Rolly aliitikia kwa kichwa kila jambo, akapanda basi lake. Njiani alipakia na kushusha abiria, akagombana na mwenye baiskeli, akanunua mandazi. Alipofika kwa Éphraïm, sura nzima ilikuwa imebaki kidogo sana. Alisimama katikati ya chumba, akakohoa kama wasemaji wanavyokohoa.

"Bukwe yako anasema, kuko kintu inakosa juu ya kintu ingine," akatangaza. "Na pale ulitia mbili, utie moya."

Kisha akaomba maji ya kunywa.

Éphraïm alishinda na maneno hayo. Mbili za nini? Mwishowe aliona mahali penye vitufe viwili vinavyofanana, akakiondoa kimoja, na wauguzi wakapoteza njia ya kuhifadhi walichoandika. Simu zikamiminika. Lakini hilo halikumuuma kama lile jingine. Yule mzee aliyekuwa akimkemea kila siku sasa anamwandikia asante kavu, halafu anatuma msemaji. Msemaji hutumwa nyumba ikiwa na matatizo. Kijana akaamini kwamba amechukiwa.

Daniella alikuja Shituru, akaketi na mama yake kumenya karanga. Symphorien alikuwa nje, chini ya dirisha, anajifanya anakaza bawaba. Alimsikia binti yake akieleza kwamba Éphraïm alifiwa na baba akiwa mdogo, na siku hizi hana raha.

"Anasema, tangu akuwe mutoto hakuna muntu alisoma kazi yake mpaka ku mwisho, ni papa tu," Daniella akasema. "Sasa papa njo aliacha. Anauliza alikosa nini."

Mzee alisimama pale na bisibisi mkononi. Aliona aibu, kisha furaha, kisha aibu ya kuona furaha. Alitaka kukimbia hadi mjini wakati uleule. Hakujua tu angefika aseme nini.

Rosalie ndiye aliyepata njia. Katika kabila lake, la Babemba, mkwe aliyekwisha kuaminiwa huleta kuku, na kuku akipokelewa, midomo ya pande zote mbili imefunguliwa. Symphorien akapinga kwamba kuku huyo huja baada ya miaka, mkwe akishazaa na kujenga, na hajapata kuletwa kwa ajili ya Kifaransa. Rosalie akamjibu kwamba kuku haulizi sababu. Daniella akapeleka habari kwa mumewe siku hiyohiyo.

Jumamosi Éphraïm akaja, shati jeupe, jogoo mwekundu kwapani, na mkoba mgongoni. Rolly alitoa hotuba ndefu ambayo jogoo aliikatiza mara kwa mara. Éphraïm akapiga goti akamtoa ndege wake, na Symphorien akampokea kwa mikono miwili. Wote wakamgeukia mzee. Hapo ndipo baba mkwe hutamka neno lake la kwanza la uhuru, na neno hilo hukumbukwa na ukoo. Rosalie alikuwa amemwandalia moja zuri, lenye Mungu ndani yake, na asubuhi alikuwa amemsikiliza akilirudia.

Mzee akafungua mdomo. Macho yakamjaa machozi.

"Éphraïm, mutoto yangu," akasema, "ile page ya kwanza ya sura mupya inaharibika tangu mwanzo mpaka mwisho."

Rosalie akajifunika uso kwa kitenge. Rolly akatazama dari. Éphraïm, bado amepiga goti, alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio, akapangusa machozi kwa mkono wa lile shati jeupe. Alivua mkoba, akatoa kompyuta.

"Unionyeshe, papa," akasema.

Mzee alimpa Rolly yule jogoo bila hata kumtazama, akavaa miwani. Kijana akasogeza kiti hadi mabega yao yakagusana, na walipoitwa kula, hawakusikia.