Hirizi Ilikuwa Mkononi Mwangu

Nilipoaga kwenda kusoma uzamili, shemeji yangu alinicheka mbele ya wageni. "Miaka yote hiyo darasani, kusomea kubonyeza kitufe?" Hapa Bariadi mpiga eksirei ni mpiga picha tu, na wapo wanaonitania niwapige na ya pasipoti.

Nilikwenda kusomea kitu kimoja: kuisoma picha na kuandika ripoti yake. Kabla ya hapo ruhusa yangu ilikuwa nukta. Nikiona jambo baya kwenye picha, naweka nukta nyekundu kwenye kona ili daktari aangalie vizuri. Nukta haisemi ni jambo gani wala liko wapi. Nilichoka kuwa bubu. Walimu walituambia tukirudi mikoani tutaandika, maana madaktari bingwa wa mionzi hawatoshi, nami nikaamini kama mtoto.

Niliporudi hospitalini, ofisi ilinipongeza kwa keki na soda. Kisha nikaambiwa muundo wa utumishi hauna cheo changu. Ripoti zitaendelea kuandikwa na bingwa aliye mbali, anayetumiwa picha kwa mtandao. "Wewe endelea na nukta zako," bosi alisema, na hakuwa anatania. Elimu haina mwisho, wanasema. Yangu iliishia mlangoni kwa bosi.

Msimu wa kupulizia pamba akaja mkulima kutoka Nkoma, mtu wa makamo, anakohoa na kukonda. Yeye alidhani ni ile dawa ya wadudu imemuingia kifuani. Shingoni alikuwa na hirizi ya ngozi iliyoshonewa kipande cha chuma. Huku wengi wanazo, na wengi hukataa kuzivua, kwa hiyo kwenye picha zetu hirizi ni kivuli cha kawaida. Huyu alikubali, ila kwa masharti.

"Ng'wanone, mwanangu, hii haiwekwi chini wala mezani," alisema. "Ishike mwenyewe."

Nikaishika. Nikasimama nyuma ya kioo, hirizi kiganjani, bado ina joto la mwili wake. Nikamwambia avute pumzi, aishikilie. Picha ilipotokea nikaona doa la mviringo kwenye pafu la kulia, ukubwa wa tumba la pamba. Nilijua ninachokiona. Ndicho nilichokisomea. Nikaweka nukta, nikamrudishia hirizi yake, akaivaa na kunishukuru.

Ripoti ilirudi kesho yake. Mapafu ni safi. Kivuli cha upande wa kulia ni hirizi ya mgonjwa.

Nilikwenda mbio kwa daktari wetu wa zamu. "Dokta, ile si hirizi. Wakati picha inapigwa, hirizi ilikuwa mkononi mwangu."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko dharau. "Dada, nakuamini. Lakini maneno yako niyaandike wapi? Ripoti ni ya bingwa."

Aliahidi kumuuliza bingwa. Kama aliuliza akakosa jibu, au hakuuliza kabisa, sijui mpaka leo. Mgonjwa alikuwa ameshasomewa majibu yake na kuondoka. Nikampigia simu, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Ni huku hospitali, chumba cha picha. Naomba urudi, turudie ile picha."

"Nimesomewa mapafu ni safi. Sasa nani anasema nirudi? Wewe ni daktari?"

"Hapana, baba. Ni yule aliyekupiga picha."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyepona kwa habari njema. "Basi niache nikapulizie pamba yangu." Nilimpigia tena mara nyingi. Hakupokea.

Alirudi pamba ilipokwisha kuvunwa, ameshikiliwa na mkewe, shati limemzidi mwili. Hakuna aliyehitaji uzamili kuona kwamba anakwisha. Daktari yule yule aliomba picha nyingine, haraka, sasa kila mtu ana haraka. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka.

Safari hii aliivua hirizi bila kuambiwa. Akaniwekea kiganjani, lakini hakuuachia mkono wangu.

"Ile siku uliyopiga simu," alisema, "ulikuwa umeona?"

"Niliona, baba."

"Sasa mbona ulisema wewe si daktari?"

Mkewe alinitazama, akisubiri jibu pamoja naye. Nikamsogeza mgonjwa taratibu, kifua kikagusa ubao wa kupigia picha. Nikarudi nyuma ya kioo, nikamwambia avute pumzi, aishikilie, kwa sababu hayo ndiyo maneno ninayoruhusiwa kumwambia mgonjwa.