Majibu ya Mzee wa Bungoma
Juzi nilikuwa saiba moja, duka la intaneti, hapa Kitale. Kando yangu alikaa mzee asiyeona, waya masikioni, akibonyeza Tab kwenye kibodi huku kompyuta ikimsomea ukurasa wa hospitali. Akachoka, akamwita mhudumu.

"Madam, hapa pa kufungua majibu ya vipimo panarukwa tu. Ati lazima mausi, ile ya kuelekeza mshale kwa macho. Si unifungulie, lakini usiangalie. Nimetoka Bungoma ndio nisipatane na watu wananijua."

Msichana akabonyeza. Akaangalia. Akanyoosha mkono, akazima redio iliyokuwa ikiimba pale dukani.

"Pole, mzee."

Mzee akavua zile waya polepole. "Kumbe wewe umejua kabla yangu?"

Juu kabisa ya ukurasa ule pameandikwa kwamba majibu ni siri ya mgonjwa. Hayo kompyuta ilimsomea vizuri sana.