Kofi la Msibani Mpapura

Niseme ukweli, maana kwa umri huu uongo wa nini. Kazi yangu ilikuwa kupiga watu. Tajiri wangu alikuwa na duka la nguo kule Rahaleo, lakini mali yenyewe ilikuwa ya magendo, inavushwa Ruvuma pale Kilambo: vitenge, sabuni, wakati mwingine korosho. Mtu akifungua mdomo, natumwa mimi. Wengine niliwavunja vidole. Sijisifu. Nilivuka kutoka ng'ambo wakati wa vita vya Mreno sina hata shati, yeye akanipa chumba, akaniozesha mke. Yule mke baadaye alirudi kwao Newala, ila hiyo ni habari nyingine. Kwa bwana yule ningeingia motoni.

Basi akafiwa na mama yake, kijijini Mpapura. Mimi nikawa nyuma ya nyumba napasua kuni, maana mtu wa madrasa mwaka mmoja na shule miezi mitatu, msibani heshima yake ni shoka. Nikasikia huko mbele mtu anapaza sauti:

"Mwizi we! Mama yako amekufa kwa aibu yako! Hatumziki mpaka useme mali umeificha wapi!"

Nikazunguka mbio. Nikamkuta mzee mwembamba amejifunga kanga ya marehemu, ameshika bakora ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama yeye. Nikamchapa kofi. Akaanguka, jino likatoka.

Watu wakacheka. Wallahi walicheka!

"Huyu naye mtani wa wapi?" akauliza mama mmoja. "Mbona mkono mzito hivyo?"

Hapo nikachanganyikiwa. Utani naujua, hata kwetu upo. Mtani anamtukana mfiwa na hakuna wa kumgusa. Lakini watani wa kwetu nawajua kwa sura. Hawa wa tajiri sikuwajua, na lile neno mwizi lilikuwa limeniingia masikioni kabla ya akili.

Mzee akafuta damu kwa ile kanga.

"Bwana mkubwa, wewe kabila gani?"

Nikamtajia. Akafikiri kidogo.

"Sisi na nyinyi hatutaniani. Basi hili kofi umenipiga kweli."

Kicheko kikakatika. Watani ndio waliokuwa wanachimba kaburi, na mmoja mmoja wakaja kuweka majembe chini, mbele ya tajiri. Wakamwambia azike mwenyewe. Jua lilikuwa la saa nane, maiti ndani.

Tajiri akanijia. "Nani amekutuma?"

"Hakunituma mtu."

Jibu hilo alinifundisha yeye mwenyewe, nikalisema polisi sijui mara ngapi, na mara zote lilikuwa uongo. Siku hiyo lilikuwa kweli tupu. Watu wote wakageuka kumtazama tajiri.

"Mtani wangu," mzee akasema, "umemtuma mbwa wako aning'ate msibani kwa mama yako?"

"Sikumtuma, mtani. Haki ya Mungu."

"Na yeye kasema hivyo hivyo. Mmesomea darasa moja?"

Nikaona nimsaidie tajiri. Nikasema, "Nimempiga kwa akili yangu mwenyewe."

"Akili ipi?" mtu akadakia, na baadhi wakacheka tena, nami sikujua kama kicheko hicho ni cha utani au cha kweli. Kila nilivyomtetea ndivyo alivyozidi kuzama.

Mzee akamaliza maneno. "Mama yako tutamzika, alikuwa mtu wetu. Lakini huyu aondoke, na asirudi kwako. Ukimtaka yeye, chimba."

Tajiri akayatazama majembe. Mimi hakunitazama.

"Nenda," akasema.

Nikangoja. Akisema nenda, siku zote anafuatiza mahali na jina la mtu.

"Niende wapi, tajiri?"

"Nenda tu."

Nikatoka mpaka barabarani. Nyuma nikasikia majembe yameanza. Nikasimama pale, mikono inaning'inia, sijui nishike kushoto au kulia.