Jua Kali, Mayai Baridi

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe.

Mama ana mashine ya kutotolea vifaranga kwenye chumba cha uani, hapa Tabora mjini. Wanawake wa vijijini humletea mayai ya kuku wa kienyeji amwangulie kila mmoja yake. Adui yake ni mmoja, umeme kukatika. Ndiyo maana aliweka sola juu ya bati, akamwita fundi aiunganishe na umeme wa gridi.

Fundi ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi. Ni watani wetu hao, tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka mizigo pwani. Mtani hukutukana mlangoni kwako, nawe humrudishia, na anayenuna ndiye hana adabu. Siku nzima alipokuwa juu ya paa walirushiana maneno na mama. Mwisho mama akamwuliza, "Na umeme ukikatika?"

"Ukikatika, na huu wako unalala. Hauna betri. Mayai mtayalalia wenyewe, Wanyamwezi nyie, si mmezoea kazi ngumu?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Alimjibu kwamba Mzaramo anajua ngoma tu, umeme kaujulia wapi. Hakuna kati yetu aliyedhani tumeambiwa jambo la kweli.

Mwezi haukuisha, umeme ukakatika asubuhi. Jua lilikuwa linachoma bati mpaka linalia, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwashe mashine, imezima kimya. Ndani ya mashine kulikuwa na mayai ya mjane mmoja wa kijiji cha Kwihara. Ugonjwa wa mdondo ulimmalizia kuku wake wote, akazunguka kwa ndugu akiomba mayai ili aanze upya. Vifaranga walikuwa wameshaanza kudonoa maganda.

Tulifunika mashine kwa mablanketi. Tulichemsha maji kwenye jiko la mkaa, tukayatia kwenye chupa, tukazipanga ndani. Nilimpigia fundi simu. Akanieleza kwamba inveta hujizima ili isipeleke umeme kwenye nyaya wakati mafundi wa gridi wamezishika mkononi. Nikamwelewa. Roho ya mtu si sawa na kifaranga. Lakini neno kama lile la sola kulala husemwa bila kicheko, mtu akikutazama usoni, na nilitamani kumzaba kibao.

Umeme ulirudi kesho yake. Hakuna kifaranga aliyetoka kwenye ganda akiwa hai.

Mjane alikuja na tenga lake la kubebea vifaranga. Hakulia. Alimpa mama pole, kana kwamba msiba ulikuwa wa mama, akaondoka na tenga tupu.

Naye fundi akaja, kama watani wanavyokuja msibani, kajifunga khanga kichwani, analia kilio cha uongo. "Wanangu vifaranga! Wanyamwezi wamewaua!"

Nilisimama nimtoe nje. Mama akanishika mkono. Nilijua atasema nini, kwamba mtani hakasirikiwi, na nikamkasirikia hata yeye.

Hakusema hivyo. Alivuta kiti, akakipangusa kwa upande wa khanga yake, kama afanyavyo kwa mgeni asiye mtani. "Karibu, fundi. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Kilio kikamkatika. Alivua khanga kichwani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mtani," alisema, "nitukane basi."

Mama akamwuliza kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi.