Pale Platfomu Ilipokomea

Niliikalia bendera. Stesheni masta alikuwa ameiweka kitini ili afungue mlango wa ofisi yake, bendera ya kijani ya kuruhusu treni iondoke, nami nikakaa juu yake kwa uzito wangu wote, nikakunja mikono.

"Mama, toka hapo. Treni ya mizigo inangoja."

"Na ingoje. Piga simu Nakuru."

"Nimekuambia, simu ni ya kazi ya reli. Si ya mambo ya watoto."

Mtoto wangu, hata kutambaa hajaanza, alikuwa ndani ya treni ya Kisumu mikononi mwa mwanamke nisiyemjua. Mimi nilikuwa hapa, naambiwa mambo ya watoto.

Stesheni yetu ilikuwa nje kidogo ya Nakuru. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu wa mashamba ya kando ya mji, waende mjini asubuhi na kurudi kunywa chai. Platfomu yake ya mawe ilitosha mabehewa ya daraja la kwanza na la pili, basi. Daraja la tatu lilikuwa mbele, nyuma tu ya injini, na treni ikisimama, sisi tulisimama juu ya kokoto, kwenye kona ya reli, ngazi ya behewa ikikufika kifuani. Mwanamume ataruka. Mwenye mtoto mgongoni ataruka vipi? Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: unamfungua mtoto, unampitisha dirishani kwa yeyote aliye ndani, halafu unapanda kwa mikono miwili. Ukishaingia unarudishiwa mtoto, unasema ahsante, mnaanza kuongea bei ya unga. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilichukia.

Asubuhi ile nilikuwa nampeleka kliniki, kifua kimembana. Mwanamke mwenye kitambaa cha manjano alinyoosha mikono dirishani. "Lete, dada, lete. Heh! Huyu mzito kama gunia la viazi!"

"Unafika wapi?" nilimwuliza.

"Kisumu."

Nikashika chuma cha mlango. Filimbi ikalia. Gadi alikuwa nyuma kule, juu ya platfomu. Aliona milango iliyo mbele ya macho yake imefungwa, akaona kazi imekwisha. Kona ilituficha sisi wengine. Behewa likanivuta, kokoto zikateleza chini ya miguu yangu, nikaachia. Nilimwona yule mwanamke akifungua mdomo, lakini injini ilimeza maneno yake.

Nakuru treni ile hukaa kidogo tu kuchota maji, kisha hupanda kuelekea Kisumu. Ndiyo maana niliikalia bendera.

"Wiki iliyopita," nikamwambia masta, "memsahibu alisahau mwavuli kwenye treni. Nilikuwa hapo dirishani nanunua tiketi. Ulipiga simu hii hii."

"Ule ulikuwa mzigo uliopotea."

"Basi sema ni mzigo. Mzigo mmoja, una meno mawili, unakohoa."

Wauza ndizi walikuwa wamejaa mlangoni. "Ikalie sawasawa, mama," mmoja akapiga kelele, "isipate baridi!" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Huko nje treni ya mizigo ikapiga honi, ikapiga tena, ndefu.

"Utafanya nifukuzwe kazi," masta akasema.

"Piga simu."

Akazungusha mkono wa simu, akapaza sauti, akaeleza. "Wanaangalia," akaniambia. Akasikiliza. Nilikuwa namtazama midomo, nimeshika ukingo wa kiti kwa nguvu hata vidole vikauma.

"Treni imeshaondoka," akasema. Kisha akainua mkono kunizuia. "Ngoja, mama! Kuna mwanamke ameshuka. Ana mtoto."

Nikasimama, nikampa bendera yake ikiwa na joto. Akanipakia kwenye behewa la gadi wa treni ya mizigo bila kunitazama usoni.

Nakuru nilimkuta ameketi chini kando ya ukuta, kitambaa cha manjano sasa kimemfunika mtoto wangu, upepo ukituletea vumbi jeupe la ziwani. "Alilia, nikamnyonyesha," akasema. "Usinikasirikie."

"Na treni yako?"

"Ningeshika kikapu changu cha kuku au ningeshika mtoto? Kuku wameenda Kisumu. Labda wanaijua njia."

Hapo nilicheka, lakini hasira haikutoka. Tulienda kliniki pamoja, tukarudi stesheni pamoja.

Ile yetu ndogo imefungwa sasa, mlango umepigiliwa mbao. Walisema abiria ni wachache. Bila shaka walihesabu waliosimama juu ya platfomu. Lakini siku ile bado ilikuwa wazi, na mimi nilimwomba karani wa Nakuru karatasi, nikaandika mtoto akiwa pajani, nikakataa kuondoka mpaka igongwe muhuri:

*Kwa Mkuu wa Stesheni, Nakuru.*

*Bwana,*

*Nalalamika rasmi kwamba leo treni yenu iliondoka na mtoto wangu ikaniacha kwenye kokoto, kwa sababu platfomu yenu haitufikii na gadi wenu hawezi kutuona.*

*Nataka platfomu irefushwe hadi daraja la tatu. Kabla haijarefushwa, gadi atembee mpaka mbele, aone kwa macho yake, ndipo apulize filimbi.*

*Mwanamke aliyeshuka kwa ajili ya mwanangu asafirishwe kwa tiketi ile ile aliyo nayo, na kikapu chake cha kuku kitafutwe kwa simu. Hiyo ni kazi ya reli.*

*Mkiona nimetia chumvi, mmoja wenu aje asimame kwenye kokoto na mtoto wake. Mimi nitakuwa dirishani kumpokea.*