Mama wa Kiangazi

Watu wa Usevya walikuwa na dawa ya kila ugonjwa isipokuwa ya midomo yao. Ndiyo maana Dafrosa, mke wa Severini, hakumwambia mtu kilichokuwa kinamshika kila masika. Angesemaje? Homa hana, kichwa hakimuumi. Lakini mvua zikishashika kunyesha, mawingu yakakaa chini kama kifuniko cha chungu, mwili wake uligeuka gunia la mpunga uliolowa. Kuinuka kitandani kazi, kushika mwiko kazi, hata kumwitikia mtoto aliyesema "mama" ilikuwa kazi. Kiangazi kikirudi, huyo analima, anatwanga, anacheka, anawashinda wanawake wenzake kubeba kuni. Basi watu wakamhukumu papo hapo: mtu anayeweza mwezi wa saba akashindwa mwezi wa kwanza si mgonjwa, ni mvivu anayechagua siku.

Zamani, walipokuwa wakiishi huko huko mbugani penye mpunga wao, jambo hili halikuonekana sana. Mume yupo, mawifi wapo, mtoto akilia kuna mkono wa mtu. Halafu ukaja mwaka ule wa kuhamishwa, kila mmoja akaambiwa na serikali ajenge kijijini, nyumba kwa mstari. Watu wakapakiwa kwenye lori na vyungu vyao. Mashamba hayakupanda lori. Kwa hiyo tangu kupanda mpaka kuvuna, Severini alilala kibandani mbugani kulinda mpunga na ndege na nguruwe, na Dafrosa akabaki kwenye mstari na watoto, na mvua, na majirani wanaochunguliana mpaka ndani ya sufuria.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshampotea katika mambo hayo hayo. Kwao mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake akasahau titi, kisha hurudishwa. Gelasius alipelekwa Kibaoni kwa Pelagia, mama yake Severini, na hakurudishwa. Kila Pelagia alipoulizwa alisema mtoto amenenepa, mnamtakia nini. Sasa Gelasius alikuwa anachunga mbuzi wa bibi yake, na akikutana na mama yake alimwita Dafrosa, kama alivyomsikia bibi akimwita. Kijiji kizima kilimwita Mama Gelasi. Gelasi mwenyewe ndiye asiyekuwa na habari.

Hivyo mtoto wa pili, Josefina, alipoachishwa ziwa kumpisha Melkior aliyekuwa tumboni, Dafrosa alikataa kumpeleka kwa bibi. Severini akasema ni mila. Mkewe akamjibu kwamba mila imeshamla mmoja, imeshiba.

Masika ile, Melkior akiwa mchanga, Dafrosa alipigana na mwili wake kwa ujanja, maana nguvu hakuwa nazo. Alikwenda kisimani alfajiri, kabla akili haijaamka ikamkataza. Akapika kande chungu kizima asubuhi, zikaliwa kutwa. Nyumba isiyotoa moshi asubuhi ilikuwa inasemwa, kwa hiyo akaacha kuni mbichi zifuke, jirani yake Emerensiana aone na atulie. Kisha akamfunga Josefina mguu kwa kipande cha kanga kwenye tendegu la kitanda, akampa hindi la kutafuna, naye akalala na Melkior kifuani. Asinyanyuke mtu kumhukumu haraka. Jiko lilikuwa wazi, kisima hakikuwa na mfuniko, na yeye alijijua: mtoto akitoka nje, hatamkimbilia.

Alikuwa amemwomba Severini wabadilishane. Yeye aende mbugani akapigie ndege kelele, mume abaki na watoto. Kule, alisema, hata uzito ukinishika nitapiga kelele nimekaa. Severini alicheka mpaka akakohoa. Aliona mkewe ana utani mzuri.

Pelagia alikuja bila taarifa, na kitunga cha karanga kichwani, kumwona mjukuu mpya. Akaona moshi, akapiga hodi kwa furaha, akaingia. Josefina yuko chini amefungwa, mashavu meusi kwa masizi ya hindi lake. Mama yake amegeukia ukutani, macho wazi.

"Umemfunga mtoto kama mbuzi," Pelagia alisema.

"Nimemfunga asife, mama."

"Kiangazi una watoto, masika una kamba. Wewe ni mama wa kiangazi, Dafrosa. Mtoto anakula mwaka mzima."

Dafrosa alitaka kuinuka. Aliiagiza miguu, na miguu ikasikia, isijibu. Pelagia akafungua fundo kwa meno, akamwita Emerensiana aje awe shahidi, na Emerensiana alifika kabla jina lake halijaisha kutamkwa. Severini akatumiwa mtu mbugani. Akaja na tope mpaka magotini, akasimama mlangoni, maana ndege hawamsubiri mtu.

"Aende tu, Mama Gelasi," alisema. "Mpaka upone."

"Nipone nini?"

Pelagia alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka naye. Karanga alizirudisha kitungani zote.

Mpunga ukavunwa, njia zikakauka, na mwili wa Dafrosa ukamrudia kama mtu aliyekuwa safarini. Asubuhi moja alifua kanga zake, akazianika, akazivaa. Akamwekea Severini Melkior mapajani, na uji pembeni, akamwambia leo ndege ni huyo. Severini akauliza atarudi saa ngapi. Mkewe alikuwa ameshashika njia.

Kibaoni alimkuta Pelagia anapepeta mchele. Josefina alikuwa amenenepa kweli. Alipomwona mama yake alikwenda kujificha nyuma ya bibi, akachungulia kama anayechungulia mgeni. Gelasius alisimama na fimbo yake kando ya zizi, akitazama kama mtu anayetazama ugomvi wa nyumba ya pili.

Dafrosa alisalimia kwa kupiga magoti, kama inavyotakiwa, kisha akasema amemfuata mwanawe. Pelagia hakuacha kupepeta.

"Masika itarudi. Utamfunga tena?"

Angeweza kusema hapana. Hapana ni neno jepesi sana mwezi wa saba.

"Nitamfunga," Dafrosa alisema. "Lakini kwangu."

Pelagia akaweka ungo chini. Akamwita mwizi, akamwita mchawi wa mwanawe mwenyewe, ila hakumshika mkono. Dafrosa akamwinua mtoto anayerusha mateke, akamfunga mgongoni, akatoka. Kwa Gelasius hakuangalia. Angeangalia, asingeondoka na hata huyo mmoja.

Josefina alimlilia bibi yake njia nzima mpaka sauti ikakauka, na sauti ilipokwisha akamng'ata mama yake begani. Dafrosa akamwacha ang'ate, akaongeza mwendo.