Viatu vya Kuendea Moto

Kalista alikuwa mfungaji wa marobota. Nasema alikuwa kwa sababu hayuko tena huku Guangzhou, China, si kwamba amekufa. Ukienda Shisanhang, ule mtaa wa nguo za jumla, utakuta watu wamenunua magauni mpaka hawajui wayabebeje. Hapo ndipo Kalista alipokuwa anaitwa. Anazipanga nguo kwenye kiroba, anapanda juu, anazikanyaga kwa visigino kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea, halafu anazungusha utepe wa gundi mpaka robota linakuwa gumu kama jiwe. Wachina walimwita laoban, ndiyo bosi kwa lugha yao. Utani tu, maana bosi gani analala chumba kimoja na mizigo ya watu.

Mimi nilimjua binti huyu kabla hajaota meno. Kijiji chetu, Mwanyasi, ukipiga chafya upande huu unaombewa afya upande ule. Ni nyasi tu, mpaka macho yanachoka. Mgeni akija unamwona tangu asubuhi, unapika, unakula, unaosha vyombo, yeye bado anakuja. Watu wa kule tulivyofika Guangzhou ni kama mbuzi wanavyopita kwenye ua, akipenya mmoja wanafuata wote. Binti yangu Teddy ana ofisi ya kago, anapeleka mizigo bandarini Nansha, akaniita nije nimpikie wateja. Kila Jumapili baada ya ibada watu wa Mwanyasi walikuja kwake, ghorofa ya tano, kula ugali na mlenda mkavu niliotoka nao nyumbani.

Kalista naye alikuja. Ila hakula na sisi, na sababu yake ni ya zamani.

Kwetu nyasi zikikauka, moto lazima uje. Yowe likipigwa kila nyumba inatoa mtu. Na huyo mtu, kitu cha kwanza si kukimbia. Anakaa chini anavaa makatambuga, yale ya matairi, anafunga mikanda, maana makaa yatamla miguu, na mwenye miguu mibovu kwenye moto ni mzigo. Ukimwona mtu amekaa anafunga viatu wakati wenzake wanapiga kelele, huyo anakwenda. Anayetimka peku anakimbilia kwake.

Moto wenyewe hatuuzimi kwa maji, maji yako wapi. Tunachoma mbele yake. Watu wanajipanga mstari, kila mtu na mahali pake, wanaunguza ukanda mrefu wa nyasi, moto mkubwa ukifika unakuta pameshaungua. Moto haupiti palipoungua. Lakini mtu mmoja akikosekana kwenye mstari, unapita pale pale.

Mwaka ambao Teddy ananyonya, aliyekosekana ni Eliakimu, baba yake Kalista. Alibaki kwake anamwagia maji ghala lake. Mume wangu ndiye aliyekuwa anafuatana naye kwenye mstari. Tulimkuta jioni, na tulimkutaje sisemi. Nikirudi nilipita kwa Eliakimu. Makatambuga yake yalikuwa mlangoni, hayana hata jivu.

Nyumba isiyotoka inatengwa. Kutengwa si kuchukiwa. Mtauziana chumvi, mtapishana njiani. Ila hamli sahani moja, salamu yake haiitikiwi, na akifa hakuna wa kumchimbia. Wa kufungua ni mmoja tu, yule aliyefiwa, na hafungui kwa huruma. Anafungua siku mtu wa nyumba ile akitoka kwenye moto wa wenzake. Eliakimu hakutoka tena, sijui aibu sijui woga, na mtoto alikuwa naye huyo huyo mmoja. Mchungaji wa huku aliwahi kunisomea ile ya saba mara sabini. Nikamwacha asome. Yeye nyasi anazozijua ni za bustani.

Basi Jumapili Kalista anaingia, ananiamkia, shikamoo mama, mimi nasonga ugali. Anakaa juu ya robota karibu na mlango na wali wake wa kopo alionunua kwa Wachina. Alikuwa mtoto mchanga siku ile, najua, sijawa mjinga. Lakini ni wa nyumba ile. Teddy alinilaumu, akasema mama, huku ni China. Nikamwambia moto wa China nao unaunguza.

Ukaja mwaka ule wa Olimpiki, na uliofuata, visa zikawa ngumu. Watu wanakwenda kuomba waongezewe, wanarudi na neno moja tu, meiyou, hakuna. Polisi wakawa wanasimamisha watu barabarani, wanapanda mpaka kwenye majumba. Ya Kalista ilikufa. Ya Shedrack, mjukuu wa jirani yangu, nayo ikafa, na za wengine pale mezani kwetu. Watu wakawa wanatembea kwa kuchungulia.

Ndipo ikaja habari kwamba Eliakimu haamki. Kalista akanifuata jikoni siku ya kazi, mikono imejaa gundi.

"Mama, najua hunijibu. Nisikilize tu. Baba hafiki mavuno. Nani atamchimbia?"

Neno la kwanza kumwambia tangu azaliwe lilikuwa hili: "Udongo wa Mwanyasi ni laini. Achimbe mwenyewe angali na mikono."

Hakulia. Akasema, "Nimesikia, mama," akarudi kwenye marobota yake. Angeweza kujipeleka polisi wakamrudisha kwao, wapo waliofanya hivyo. Lakini mtu mmoja habebi jeneza. Alichokuwa anakitafuta ni watu wa kumbeba baba yake, na ruhusa ya watu ilikuwa kwangu.

Jumapili moja, chakula kiko mezani, Shedrack akachungulia dirishani akasema polisi wameingia chini. Tukawasikia wanagonga ghorofa ya pili. Kuna aliyezima televisheni. Kuna aliyeingia chooni, kana kwamba chooni hakufikiki. Shedrack alikuwa amerudi dirishani anapima chini kwa macho, na chini kule hakuna nyasi, ni saruji.

Kwa Teddy viatu vinaachwa nje, desturi aliyoiokota huku. Kalista akafungua mlango, akavizoa viatu vyote vya watu akavisukuma ndani, akaacha vyake. Halafu akakaa kizingitini. Akavaa cha kwanza, akafunga mkanda. Akavaa cha pili, akafunga mkanda. Shedrack akawa anamsonya afunge mlango. Mimi nimeshika mwiko, niko karibu naye kuliko wote. Akaniangalia.

"Nafunga kwa nje, mama," akasema.

Akavuta mlango, akafunga lile geti la chuma la nje kwa kufuli lililokuwa linaning'inia na ufunguo wake, kama chumba hakina mtu. Ufunguo akaupitisha chini ya mlango, ukaja mpaka kwenye vidole vyangu. Tukamsikia anashuka. Anashuka, hakimbii. Mara sauti yake huko chini, Kichina, kikali, anagombana nao. Mara vishindo, na vyote vinaelekea chini, yeye mbele na wao nyuma, mpaka barabarani. Teddy alimwona akiingizwa kwenye gari. Ghorofani hawakupanda tena. Walikuwa wamepata wa kukamata.

Watu walipopata pumzi, Shedrack akasema yule dada alichanganyikiwa, alitaka kukimbia, wakamkuta ngazini. Anasema hayo huku anatafuta viatu vyake kwenye lile rundo.

Nikamuuliza, "Alikimbia na mikanda imefungwa?"

Akakirudisha chini kiatu alichokuwa amekishika. Na yeye ni wa Mwanyasi.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Nikajiuliza polisi ni moto gani. Nikajiuliza kama alitoka kwa ajili yetu au kwa ajili ya kaburi la baba yake. Mwisho nikaona, hata sisi tunaotoka kule, hakuna anayetoka kwa kupenda nyasi. Kila mtu ana ghala lake nyuma. Moto haukuulizi umefuata nini, unaangalia tu kama uko mahali pako. Na Kalista alikuwa mahali pake. Nilitamani isiwe hivyo. Miaka yote ile nimebeba kitu, mkono umekizoea, halafu mtoto wa yule yule ndiye anakuja kunilazimisha nikitue.

Nikamwambia Teddy anipigie nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikasema nyumba ya Eliakimu imetoka. Mwenyekiti akauliza kwenye moto gani. Nikamwambia wa huku. Halafu akauliza kama niliona kwa macho yangu.

"Nimeona anavaa viatu," nikasema.

Hakuuliza tena.

Eliakimu alikufa Kalista bado amefungiwa. Mwanyasi walimchimbia, walimbeba, mwenyekiti mwenyewe alishika jembe. Kalista alipopandishwa ndege na kufika, alikuta udongo umeshakauka. Akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikamjibu.

Teddy alikuwa pembeni akaacha kuandika. Halafu Kalista akauliza, taratibu, kama nimemsamehe baba yake. Nikamwambia hapana. Nimekufungulia wewe, yeye nitaonana naye huko aliko, tena aniandalie maneno. Akasema nimesikia, mama, vile vile kama siku ile jikoni.

Nikamuuliza kama amekula.

"Nimekula."

"Kwa nani?"

"Kwa shemeji yako, mdogo wa baba Teddy."

"Sahani yako, au yao?"

"Sahani moja, mama," akasema.